Ukuta wa Vitenge Sokoni

Mimi ninauza samaki wa kukauka katika soko la Kasongo, na nina kifafa. Ninayataja yote mawili mwenyewe, maana watu wa hapa wakinitaja huanza na hilo la pili, na samaki wangu wanawasahau.

Si kwamba sikutibiwa. Nilimeza dawa ya kwanza bila kukosa, kifafa kikaja. Wakaibadilisha, wakaongeza nyingine juu yake, kikaja tena na jeuri ileile. Nikamwambia muuguzi wa hospitali kwamba vidonge vyake ni chaki. Hakukasirika, Mungu ambariki. Akaniuliza, "Mama, unajua bariere ya njia ya Salamabila?"

Nani asiyeijua! Pikipiki zote zinasimama pale kwenye kizuizi, huyu anapita, yule anarudishwa.

"Basi ubongo nayo iko na bariere yake. Dawa inatembea vizuri mu damu, ikifika pale, ingine inapita, ingine inarudishwa. Kwako wewe, pengine zile zinapita hazitoshi."

Akampa dada yangu mkubwa bomba dogo la plastiki lisilo na sindano, lenye dawa ndani, kwa siku ambayo kifafa kitakataa kuniachia. Akaeleza inapoingilia. Nikaruka. "Ugonjwa iko mu kichwa, na wewe unautafuta mu makalio?"

Dada alicheka mpaka akatoa machozi. Muuguzi akasema njia hiyo inafikisha dawa haraka kwenye damu, na ile bariere hairudishi dawa hii. "Lakini musikimbilie. Mumulaze ubavu, musimutie kitu mu kinywa. Muimbe wimbo mumoja murefu wa kanisa, beti zote. Kama umeisha na yeye anatikisika bado, mumutie."

Jirani yangu wa meza anauza chumvi. Tumecheka pamoja miaka, tumelindiana biashara, lakini kikombe changu hakukigusa hata siku moja. Hapa kwetu wanasema povu la kifafa linaambukiza. Niliona, na iliniuma sana. Dada alipomwonyesha bomba lile na maelezo yake, alisikiliza huku amekunja uso, mikono nyuma.

Siku moja dada alikwenda Nyangwe kupokea samaki, akaniachia bomba kwenye kikapu. Nikaanguka katikati ya meza zetu. Yaliyofuata niliambiwa. Wanawake walikimbia. Muuza chumvi akabaki, akanilaza ubavu, akaanza kuimba. Wale waliokuwa mbali walidhani ananiombea, wakaitikia. Kumbe mwenzao anapima muda! Wimbo ukaisha, mimi bado natikisika.

"Mama zangu, leteni vitenge!" akapiga kelele. "Mutu asimuangalie huyu mama!"

Walewale waliokimbia wakarudi. Kila mmoja akafungua kitenge chake cha juu, wakavinyoosha kunizunguka, wamenipa mgongo. Ndani ya ukuta huo, jirani yangu alinitia dawa. Kisha akanifuta povu kwa kitenge chake mwenyewe.

Nilipofumbua macho niliona migongo na maua ya vitenge. Aibu ilinifikia kabla ya maumivu.

"Wameona?" nikauliza.

"Waone nini?" akajibu muuza chumvi. "Hata mimi nilifumba jicho moja."

Nikacheka huku ninalia. Kifafa changu hakijapona, na sijui kama kitapona. Lakini ninamshukuru muuguzi aliyenivumilia, ninamshukuru dada yangu, na wale mama ninawashukuru kila asubuhi ninapopanga samaki, hata yule anayeniharibia bei.

Siku ile muuza chumvi hakunipa maji mpaka nilipoweza kukaa mwenyewe. Akayachota kwa kikombe changu. Nilikunywa nusu, nikashindwa. Jua lilikuwa kali, naye alikuwa ameimba sana. Akakichukua kikombe mkononi mwangu, akanywa maji yote yaliyobaki, akajipangusa midomo, kisha akawageukia wale wenye vitenge: "Haya, imekwisha. Mununue samaki."