Maji ya Dripu Tuliyoyamwaga

Kiwanda chetu kiko upande wa Kiembe Samaki, nyuma ya ukuta mweupe, karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba ndege ikiteremka vioo vya ofisi hutetema. Tulitengeneza maji ya dripu, ya chumvi na ya sukari, na dawa chache za maji za watoto. Kazi yangu ilikuwa mtandao, yaani nyaya na visanduku vinavyounganisha mashine na kompyuta, ili joto la kila mashine na muda wa kila kazi viandikwe vyenyewe bila ya mkono wa mtu. Mama yangu aliwaambia majirani zetu wa Michenzani kuwa mwanawe anatengeneza dawa. Sikumsahihisha. Ilikuwa inampendeza.

Aliyenifahamisha uzito wa kazi ile ni mkuu wa ubora, mwanamke mfupi wa Makunduchi, mwenye sauti ya chini, ambaye bila ya saini yake hapana chupa iliyotoka getini. Siku zangu za mwanzo alinipeleka mbele ya tangi la mvuke. Humo ndimo chupa zilizokwisha kujazwa hutiwa zikapikwa kwa joto kali mpaka kisibaki kijidudu hata kimoja.

"Maji haya hayapiti tumboni, mwanangu," alinambia. "Yanaingia kwenye damu moja kwa moja. Tumbo lina ulinzi wake. Mshipa hauna mlango wa kupigiwa hodi."

"Na nitajuaje, Bi, kuwa zimepikika?"

"Kwa kuzitazama hutojua. Chupa nzima na chupa mbovu zinafanana kama pacha. Utajua kwa kilichoandikwa tu, na kinaandikwa kwa kupitia nyaya zako."

Nilipoizoea mitambo niliomba tuwe na mfumo wa kuuangalia mtandao wenyewe, yaani kompyuta moja itakayokuwa ikiviuliza visanduku vyote kila mara kama ni vizima, na kutujulisha mapema kimoja kikianza kuchoka. Mkurugenzi alisema ni fikra nzuri, lakini tungoje kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na pampu ya kubadilisha na paa la ghala lililokuwa likivuja, na mtandao haukuwa umewahi kukatika. Kitu kisichowahi kuuma ni vigumu kukitafutia dawa.

Masika ya mwaka ule yalikuwa mabaya. Maji yalituama mitaani, maradhi ya matumbo yakaingia, na hospitali zikawa zinatupigia simu kila siku kuulizia dripu. Tukafanya kazi kwa zamu mbili. Alasiri moja, tangi likiwa limejaa chupa na joto limeshafika kileleni, mstari wa joto kwenye kompyuta ukasita, kisha ukapotea. Tangi lenyewe liliendelea kunguruma kama kawaida. Nikakimbilia nyuma yake. Kisanduku cha mtandao kilichofungwa ukutani kilikuwa kimekufa. Nilipokifungua nikakuta unyevu na chumvi ya hewa vimekula viunganisho vyake mpaka vimegeuka kijani. Nikaleta kingine, nikakifunga, mstari ukarudi. Lakini katikati pamebaki pengo, na pengo lenyewe liliangukia pale pale ambapo chupa zilitakiwa zikae kwenye joto kali.

Baadaye nilipokagua kumbukumbu za kompyuta niliona kuwa kisanduku kile kilikuwa kikipoteza taarifa njiani kidogo kidogo kwa siku nyingi. Kilikuwa kinalalamika, na hapakuwa na kitu cha kukisikiliza.

Nilirudi nyumbani magharibi nikamkuta mama amelala sakafuni karibu na mlango wa choo, midomo imemkauka, macho yamezama. Dada yangu alikuwa amemshika kichwa. Tukampeleka hospitali kwa gari ya jirani. Wodi ilikuwa imejaa, wengine wamelazwa chini juu ya mikeka. Asubuhi muuguzi aliyekuwa akimbadilishia mama chupa alinivuta kando.

"Hii ndiyo ya mwisho tuliyonayo wodi hii," alisema. "Lakini tumeambiwa nyingine zinatoka Kiembe Samaki leo leo."

Hakujua nafanya kazi wapi. Nikamshukuru, nikaenda kazini.

Kikao kilifanyika ofisini kwa mkurugenzi. Tulikuwa watatu tu, yeye, mkuu wa ubora na mimi. Mkurugenzi alikuwa hakulala, simu yake ikiita na yeye akiizima.

"Joto lilikuwa sawa kabla," alisema. "Likawa sawa baada. Sasa hapo katikati lilikwenda wapi?"

"Huenda halikwenda popote," mkuu wa ubora akamjibu. "Lakini mimi sijui, na wewe hujui, na zikipikwa mara ya pili maji yenyewe yanaharibika."

"Watu wanakufa, Bi."

"Nnajua. Ndiyo maana siwezi kuwapelekea kitu nisichokijua."

Mkurugenzi akanigeukia mimi. "Bwana, wewe ndiye fundi wa mtandao. Hicho kipande kilichokatika, huwezi kukiunganisha?"

Nilimfahamu anachotaka. Mstari ule ningeweza kuuchora kwa muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha chai, na hapana ambaye angeutilia shaka. Nikamfikiria mama na chupa yake iliyokuwa ikipungua tone kwa tone. Nikafikiria pia chupa ile ile ninayotakiwa kuisemea uongo ikining'inia juu ya kitanda chake.

"Kilichopotea kimepotea, mkurugenzi," nikasema. "Nikikiandika, nitakuwa nimekitunga."

Mkurugenzi akainua mikono yake akaiteremsha juu ya meza, akasema, "Basi mwageni. Anzeni mkupuo mwengine."

Niliomba ruhusa nikaondoka bila ya kueleza kwa nini. Nikapita maduka ya dawa ya Darajani mpaka Mlandege nikitafuta dripu. Kote niliambiwa zimekwisha. Nikarudi wodini mikono mitupu, bado nimevaa shati la kazi. Kitanda cha pili ya mama alilazwa bibi mmoja mzee ambaye dripu yake ilishakwisha, na binti yake alikuwa akimtilia maji mdomoni kwa kijiko. Yule binti akaliona shati langu.

"Kaka, wewe si wa kiwandani? Zinakuja lini?"

"Zitachelewa, dada."

"Kwani hamna hata moja?"

"Zilizopo hatuna hakika nazo."

Akamtazama mamake, kisha akanitazama mimi. Hakupandisha sauti. "Na huyu wangu ana hakika ya nini?"

Nikamshikia kikombe, akaendelea kumtilia mamake maji.

Alasiri ile mkuu wa ubora alikuja hospitali. Sijui nani alimwambia. Aliingia na buibui lake jeusi limelowa mvua, amechukua chupa ya uji mwepesi wa mchele. Akamsalimia mama, akamfuta uso, kisha tukatoka ukumbini.

"Ungenambia," alisema.

"Ningekwambia, Bi, ungefanya nini?"

Akaangalia mvua. "Ningemwaga vile vile," akasema. "Lakini ningekuja mapema."

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa, maana nilimwona machozi yakimtoka na hakuyafuta.

Jioni meli ya Dar es Salaam ilileta shehena ya dripu na mama akapata yake. Akapona, ingawa alibaki dhaifu na miguu ikimvimba. Yule bibi wa kitanda cha pili alifariki kabla ya shehena kufika. Daktari alisema aliletwa amechelewa, kwamba hata angetiwa dripu asubuhi huenda isingemfaa. Huenda. Nilikwenda maziko Mwanakwerekwe nikasimama nyuma ya watu. Yule binti hakuwepo makaburini, kama ilivyo ada kwa wanawake, na nilishukuru.

Kumwaga kulituchukua sehemu kubwa ya siku iliyofuata. Chupa zilikatwa shingo moja moja, maji yakimiminwa kwenye mfereji. Mkurugenzi mwenyewe alivua koti akashika kisu pamoja nasi, na wiki ile ile, bila ya kukumbushwa, aliniita akaniambia niagize ule mfumo. Pampu ikangoja.

Sasa kuna kioo kikubwa cha kompyuta ukutani mwa chumba changu, na kila kisanduku kina taa yake. Nimeweka njia mbili kila mahali pa muhimu, ili moja ikifa nyingine ichukue. Asubuhi moja, vuli iliyofuata, taa ya chumba cha kujazia iligeuka rangi ya manjano. Tukazuia kazi isianze. Nikakuta waya umegugunwa na panya, nikaubadilisha, na kabla ya adhuhuri chupa zikaanza kutembea. Gari ilitoka getini ikiwa imejaa. Hospitalini hapana aliyejua kuwa kulikuwa na jambo, na ndivyo inavyotakiwa.

Mkuu wa ubora amestaafu, amerudi Makunduchi. Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea. Nilimkuta kibarazani akichambua mchele, nikampa shikamoo, naye akaniitikia marahaba akanisogezea mkeka. Tulizungumza habari za watoto, za mvua, za mama ambaye siku hizi haendi mbali na kitanda. Naye muda wote alikuwa akiendelea kutoa mawe kwenye ungo.

"Zile chupa," akasema ghafla, bila ya kuinua kichwa. "Mimi nadhani zilikuwa nzima."

"Na mimi nadhani hivyo, Bi."

Akaupepeta mchele wake, makapi yakaruka kwa upepo, akaniambia nisiondoke kabla ya kula.