Mnada wa Majina Yaliyosahauliwa

Mama Pacha alikuwa dobi, na dobi haoni kinyaa upesi. Alishafua mashuka ya wagonjwa, nepi za watoto wa watu na mashati ya walevi, na mchana akala chakula chake bila kukunja uso. Lakini kazi ya mumewe ilimtia kinyaa tangu mwanzo.

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwenye Majina, aliuza majina ya tovuti. Usidhani aliyatunga yeye. Duka, shule au kwaya huwa na jina lake mtandaoni, na jina hilo hulipiwa kila mwaka. Wenyewe wakisahau kulipa, jina hubaki bila mwenyewe, na Mwenye Majina, aliyeshinda chumbani na bukta mbele ya kompyuta, hulidaka kwa bei ya kutupa. Kisha hukaa kimya, akiwangoja wazinduke na kulinunua tena kwa bei ghali. "Sijamwibia mtu, mke wangu," alisema. "Nimeokota." Sawa. Hata kunguru juu ya jalala anaokota.

Siku hiyo alikuwa ameyafunga majina yake yote fungu moja na kuyapeleka kwenye mnada wa mtandaoni, yauzwe kwa mpigo. Tangu asubuhi alikuwa akipiga mluzi. Mama Pacha akamwacha na mluzi wake, akavuka ua, akaingia chumba cha kufulia na kuwasha pasi.

Mkunga alikuja mwenyewe kuchukua mashuka ya zahanati yake ndogo ya uzazi, ile ya ng'ambo ya daraja. Ndiye aliyewapokea pacha wa Mama Pacha, mmoja akiwa ametanguliza miguu. Mwaka huu alikuwa ameugua, akalazwa miezi, na bado nguo zilikuwa zikimpwaya.

"Mwanangu, mumeo si mtu wa mitandao?" aliuliza. "Nisaidieni. Nilipolazwa nilisahau kulipia jina la zahanati. Sasa kuna mtu kalichukua. Mzazi akitutafuta kwenye simu anakuta maandishi, eti jina hili linauzwa."

"Nani kalichukua, mama?"

"Ningemjua ningekuuliza? Chini yake pana namba ya simu tu. Nesi wangu kaipiga mara mbili, kakatiwa. Juzi mzazi mmoja kaipiga na uchungu umemshika, akidhani ni yetu. Kapokea mwanamke, kamwambia, 'Umekosea namba, dada,' kakata. Maskini akajifungulia kwenye ngazi za soko. Mtoto yu hai, Mungu mkubwa. Lakini huyo mwizi, natamani nimtazame machoni."

Mama Pacha alisahau kuinua pasi, shuka likaanza kunuka moshi. "Umekosea namba, dada." Maneno hayo yalikuwa yake. Wiki nzima watu wasiojulikana walikuwa wakimpigia kwenye laini ya pili, ile aliyoletewa na mumewe eti ina vifurushi vya bei nafuu. Wengine walihema tu. Alidhani ni wahuni, akawa anawakata, mikono imejaa povu.

"Nitamtafuta, mama," alisema, na hakuweza kumwangalia.

Mkunga alipoondoka, Mama Pacha alimkuta mumewe anakula biskuti, makombo yamejaa kwenye kompyuta.

"Umeweka namba yangu kwenye jina la mkunga?"

"Ah, hilo! Akaunti yangu ya kuuzia si walinifungia mwaka jana? Hii nimefungua kwa jina lako." Wala hakugeuka.

"Litoe mnadani. Mrudishie mwenyewe."

"Haiwezekani. Fungu likishapata dau la kwanza haligawanyiki. Halafu hilo ndilo linalobeba mengine yote. Njoo uone watu wanavyoliingia, usiku na mchana, hawachoki! Hao ndio bei yenyewe."

"Hao ni wanawake wenye uchungu, Baba Pacha."

"Mnunuzi haulizi kama wana mimba au mafua. Anahesabu vichwa."

Alisema hivyo akilamba vidole. Mama Pacha alimchukia. Haikuwa ile hasira ya mke na mume, ya kugombana mchana na kupatana jioni. Ilikuwa kinyaa kabisa, kile cha kukuta unywele mdomoni katikati ya tonge. Miaka yote hii alikuwa amelala kitanda kimoja na mdomo ule.

Kompyuta ikalia. Mnada ulikuwa umefungwa, na aliyeshinda ni muuzaji wa dawa za kupunguza matumbo. Mwenye Majina akacheka mpaka akapaliwa.

Papo hapo simu ya Mama Pacha ikatetemeka. Ujumbe ulimpongeza mwenye akaunti kwa majina yake yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho, na chini yake palikuwa na tarakimu za kuthibitisha. Alijisoma mara mbili. Basi mwizi alikuwa yeye.

"Nisomee hizo tarakimu, haraka," alisema mumewe, mkono ameunyoosha. "Muda ukipita, mauzo yanafutwa na akaunti inafungwa moja kwa moja."

Kabla hajajibu, laini ya pili ikaita.

"Kata hiyo!"

Akapokea. Mtu alikuwa anahema. "Hapo... hapo ni kwa mkunga?"

"Hapa si kwake, dada, ila usikate. Niambie ulipo."

Mwenye Majina akaruka kumpokonya simu. Mama Pacha akatoka uani, akamfungia komeo kwa nje. Mlango ukapigwa, matusi yakamwagika, kisha yakawa maombi. Hakumjali. Alimuuliza yule mwanamke yuko na nani, na aliposikia yuko kwenye teksi, akamwambia dereva asipite sokoni kwenye msongamano, apite njia ya chini na kungoja darajani mpaka mkunga awapokee. Alimhimiza avute pumzi, naye akawa anavuta pamoja naye. Mumewe alipokaa kimya, alijua muda wa tarakimu umekwisha.

Kisha akampigia mkunga.

"Mama, kuna mzazi anakuja, chupa imeshapasuka. Na yule mwizi nimempata. Ni mume wangu, kwa jina langu. Aliyemkatia simu yule wa sokoni ni mimi."

Mama Pacha akafumba macho, akisubiri.

"Huyo mzazi," mkunga aliuliza, "yuko upande gani wa daraja?"