Vicheko Vilivyotolewa

Karani wa leseni za boti, anayekaa mkabala nami hapa ofisini Lamu, hugonga muhuri taratibu. Mlango wa mkuu ukilia tu, mkono wake huganda hewani. Saa ya chakula huinamia simu, akikatakata video ya kichekesho cha runinga kuhusu wafanyakazi wa ofisi na kuitia sauti za kwetu: feni, muhuri, mlango ule. Akiituma kwenye grupu la WhatsApp la ofisi, sote humrudishia emoji za kucheka, kila mmoja mezani pake, kimya. Jana mkuu wetu, Bi Jerioth, alitoka ameshika simu, video hiyo ikicheza.

"Mbona vile vicheko vya watazamaji vya kwenye runinga umevitoa?"

Karani aliweka muhuri mezani.

"Nilitaka kuweka vyetu, madam. Nimerekodi humu ofisini wiki nzima, sijapata hata kimoja."