Gari la Eunike Halisukumwi

Huku kwetu milimani mtu akitaja mbishi, watu wanafikiria mwanamume. Mimi nawacheka. Mbishi wetu ni Eunike, na nimepakana naye shamba la tangawizi tangu nilipoletwa hapa Mamba kuolewa, kwa hiyo hakuna wa kunifundisha habari zake. Ni mwanamke mfupi, mpole, Msabato wa kweli, sijamsikia hata mara moja akigombana na mtu. Akitukanwa, anaaga na kwenda zake. Lakini akishasema jambo fulani litakuwa, we kaa pembeni utazame. Mimi Salama nina mdomo, yeye ana kichwa kigumu, na ndiyo maana tumeelewana miaka yote hii.

Mumewe, marehemu Tomaso, alikuwa na Landrova ya petroli, ile ndefu ya zamani yenye kioo cha mbele kilichogawanyika katikati. Gari hilo lilitushushia tangawizi Same na kuturudishia mabati, wagonjwa na mabibi harusi. Mwanangu wa kwanza nusura azaliwe humo. Tomaso alipofariki hakukuwa na wa kuliendesha. Eunike akaliacha lilipokuwa, chini ya banda, pua ikiangalia bondeni, akalifunika turubai, na likakaa hapo zaidi ya miaka kumi. Matairi yakalala. Kuku wakageuza kiti cha nyuma kuwa pa kutagia.

Sasa kuna Hezroni, kaka mkubwa wa Tomaso na msemaji wa ukoo wao. Mwaka jana aliita kikao akasema gari lile linatia aibu, na yeye keshaongea na wanunuzi wa chuma chakavu wa Same, lori lao litapanda kulichukua Jumapili ya mwisho wa mwezi. Mtu mmoja akauliza kama mjane amekubali. Hezroni akajibu kwa upole, na upole wake huo ndio ulionichefua, kwamba gari linalotembea lina mwenyewe, ila gari bovu la marehemu asiyeacha mtoto ni mali ya ukoo. Eunike alikuwa amekaa kwenye mkeka na mikono yake mapajani. Akauliza swali moja tu.

"Na likitembea, shemeji?"

Wanaume walicheka. Hezroni naye akacheka, akasema likitoka bandani kwa nguvu zake lenyewe kabla lori halijafika, litakuwa la Eunike, na wote waliopo ni mashahidi.

Njiani tukirudi nilikuwa nachemka. Nilimtukana Hezroni mpaka nikaishiwa matusi. Eunike akaningoja nimalize, kisha akaniambia kitu ambacho sijakisahau. Alisema, "Wakilibeba hilo gari, Salama, kesho watasema na nyumba ni ya ukoo. Nitakuwa mgeni hapa nilipomzika mume wangu." Hakulia. Aliingia ndani, akafunga mlango.

Kesho yake alfajiri aliteremka kwa miguu mpaka barabara kuu, akapanda gari la tangawizi akashuka Same. Kitu cha kwanza alichofanya huko, utacheka, alikwenda kuhuisha leseni yake. Tomaso alimfundisha kuendesha walipokuwa vijana, na yeye gari halijawaka, hajui hata kama litawaka, anahangaika na leseni. Ndiyo namna yake. Kitu cha pili, alimtafuta mzee Idrisa, fundi wa magari ya zamani pale nyuma ya stendi, ambaye aliwahi kumtengenezea Tomaso. Akamwamkia, akamweleza shida. Idrisa akamwambia nyonga yake haipandi mlima tena, ila kama anayo mikono na simu, atamwelekeza.

Eunike akarudi na kikapu cha spana za kuazima na amri moja ya kutisha: asithubutu kuizungusha injini kwa nguvu. Idrisa alisema gari likikaa miaka, pistoni zinashikana na kuta zake kwa kutu, na mwenye papara huvunja kitu kisichounganika tena. Basi Eunike akafungua plagi zote nne, akamimina kwenye kila tundu mchanganyiko wa dizeli na oili nyepesi, akaziba kwa vitambaa. Halafu akangoja. Kila asubuhi anaongeza kidogo, anashika hendeli ile ya kuzungushia kwa mbele, anaisukuma taratibu, haisogei, anairudisha ukutani, anakwenda shambani. Mimi ningekuwa nimeshaipiga nyundo.

Huku anangoja, hakukaa bure. Akamwaga petroli ya zamani kutoka kwenye tangi. Ilikuwa imegeuka kahawia na inanuka kama rangi ya milango. Kwenye chujio la hewa akakuta panya na wajukuu wake. Oili ya injini ilitoka nzito kama lami. Breki aliambiwa ni lazima zitangulie, kwa sababu barabara yetu ni ya kushuka tu, na gari lisilosimama huku ni jeneza. Akafungua matairi, akayajaza upepo kwa pampu ya baiskeli, akatoa vile vikopo vya breki vilivyoganda, akavipakia kwenye kikapu akavishusha Same, Idrisa akaviwekea mipira mipya. Nilimwona akirudi na kikapu kichwani jioni, vumbi mpaka kwenye kope, nikamhurumia kwelikweli. Nikavaa kitenge cha zamani, nikaenda kumshikia taa. Tangu siku hiyo na mimi nikawa fundi.

Sasa nikueleze ya msaragambo, maana hapo ndipo palipotaka kuharibika kila kitu.

Sisi huku kazi inayomshinda mtu mmoja hupigiwa pembe, watu wakatoka, wakaifanya kwa pamoja. Huo ndio msaragambo. Mfereji ukibomoka, msaragambo. Shule ikitaka mawe, msaragambo. Ukisikia pembe ukabaki ndani, utasemwa mpaka na wajukuu zako. Na anayefanyiwa hakatai, haijawahi kutokea.

Siku ya Jumanne ya wiki ile ya mwisho, pembe ikalia. Nikatoka na jembe langu nikifuata watu, nikashangaa wote wanaelekea kwa Eunike. Hezroni mbele. Amewaita watu waje wasukume gari. Unajua, huku mlimani gari haliwashwi kwa betri. Dereva analaza gari lake pua ikitazama bondeni, asubuhi anaachia breki, linaserereka, anaingiza gia, linawaka. Tomaso alifanya hivyo kila siku ya Mungu. Kila mtu anajua hivyo. Kwa hiyo wanaume wamefika wanacheka, wamekunja mashati, wengine wameshaweka mabega nyuma ya gari. Hezroni anasema ukoo umeamua kumsaidia mjane, liwake au lisiwake, yasibaki maneno.

Na injini bado imeshikana. Haijasogea hata upana wa ukucha. Likiserereshwa na gia ndani, ile nguvu yote ya mteremko inakwenda kuvunja pistoni, na hapo kweli linakuwa chuma chakavu.

Eunike alikuwa chini ya gari. Akatoka, mafuta mpaka kwenye kidevu, akasimama mbele ya pua ya gari, upande wa bondeni, mahali ambapo likiteleza litampitia yeye kwanza. Akawaambia wasisukume.

Watu wakaguna. Mzee mmoja akasema tangu azaliwe hajaona mtu akikataa msaragambo. Hezroni akasema, na sauti yake ilikuwa imeanza kupanda, kwamba Tomaso alilisereresha kila asubuhi na gari halikuvunjika.

"La Tomaso lilikuwa limelala usiku mmoja, shemeji," Eunike akamjibu. "Hili limelala miaka. Sikatai msaragambo. Pembe imelia na watu wamekuja, hawawezi kurudi bila kazi. Kazi iko pale kwenye korongo. Hilo gari hata likiwaka leo, litapita wapi?"

Wote tukageuka kutazama. Mvua za masika zilikuwa zimekata barabara chini kidogo ya nyumba yake, bodaboda tu ndizo zilizokuwa zinapita kwa kubebwa. Tulikuwa tunalilalamikia korongo lile kila siku na hakuna aliyeligusa. Sasa umeita watu, wana majembe, wana nguvu, mwenye kazi amekuonyesha kazi, utasemaje? Hezroni akavua koti lake akalitundika kwenye mti. Mimi sikuamini. Tulibeba mawe mpaka jua likaegemea, na Eunike akatupikia makande, na barabara ikawa barabara.

Usiku nilimwambia Eunike kwamba Hezroni alitaka kulivunja makusudi. Akasema hapana, alifanya wanachokijua wote. Mimi mpaka leo sijakubaliana naye, lakini yeye ndiye mwenye shemeji.

Alhamisi asubuhi nilimsikia Eunike akiniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nikakimbia na unga mikononi. Hendeli ilikuwa imesogea. Kidogo tu, kama mlango wa ghala uliovimba kwa mvua, lakini imesogea. Akairudisha, akaisukuma tena, ikaongeza. Tulipokezana, vidole gumba upande mmoja na vingine kama Idrisa alivyoonya, kwa sababu injini ikirusha hendeli inavunja mkono. Ilipozunguka duara zima Eunike aliketi chini akalia, na mimi nikalia naye, wazee wawili wanalilia bomba la chuma.

Ijumaa tukafunga kila kitu. Plagi, waya, platini, vile vibati vya kukatia cheche, alizosugua kwa msasa, kidumu cha petroli mpya tukakining'iniza juu ya boneti na mpira wake ukashuka mpaka kwenye kabureta. Betri ya kutoa cheche tuliazima ya sola ya kwangu, watoto wakakosa taa. Kilichobaki ni kuwasha. Nikageuka kumwambia haya, tuwashe, nikamkuta anafuta mikono. Jua limezama, Sabato imeingia. Akaweka spana chini.

Nilimwambia maneno, jamani. Nilimwambia Mungu gani atamwadhibu kwa kuwasha gari lake mwenyewe, na lori linakuja Jumapili. Akasema, "Nikilipata kwa kuvunja Sabato, litakuwa gari la Hezroni kuliko langu." Nikaondoka bila kuaga. Jumamosi nzima nilimwona amekaa na kitabu chake cha nyimbo, gari liko hapo, hata halitazami. Mimi ndiye niliyezungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jumapili kabla hakujapambazuka vizuri tulikuwa bandani. Akazungusha. Likakohoa. Akazungusha tena, likapiga mlio mmoja mkubwa kupitia juu, kwenye kabureta, mbwa wote wakabweka. Mara nyingi hivyo hivyo. Eunike akampigia Idrisa, akamwomba radhi kwa kumwamsha, akaweka simu karibu na injini mimi nikazungusha. Idrisa akauliza linakohoa juu au nyuma. Juu. Akasema waya mbili za plagi zimepishana. Eunike akachutama na tochi, akakuta kweli, akazibadilisha. Akashika hendeli mwenyewe. Likawaka.

Sikudanganyi, niliogopa. Moshi ulijaa banda, kuku wakaruka, na ule mlio, mlio wa Tomaso akija kutoka Same, ukapita mashambani, nikaona watu wanatoka nyumba hata nyumba. Wengine walikuwa wameshika vichwa. Eunike hakupiga kelele. Aliliacha lipate joto, akakagua maji, akajaribu breki mara kwa mara. Kisha tukapakia magunia ya tangawizi, yake na yangu na ya akina mama wawili, mimi nikakaa mbele, akatoka nalo bandani polepole sana, tukavuka lile korongo.

Hezroni alikuwa amekaa barabarani nje ya kwake, kofia kichwani, akilingojea lile lori alielekeze. Eunike akasimamisha gari mbele yake. Breki zilishika. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu makali, wallahi, nimeyapanga usiku kucha. Eunike akanigusa goti ninyamaze.

"Shikamoo shemeji. Tunakwenda Same, kama una safari."

Akaitika marahaba kwa sauti ndogo. Akalizunguka gari, akagusa mlango, akagusa taa. Mbele nilikaa mimi, sikumsogelea kiti hata kidogo. Akapanda nyuma, juu ya magunia, mzee mzima, msemaji wa ukoo, akashika bomba la turubai.

Tulipofika kwenye ile kona nyembamba ya chini tukakutana na lori la chuma chakavu linapanda. Hakuna pa kupishana pale. Dereva wake akapiga honi, akatoa kichwa, akamwona Hezroni juu ya magunia akamtambua. Akamwuliza kwa sauti kama lile gari bovu la marehemu ndugu yake bado liko juu, na kama ni mbali.

Nikageuka kumtazama Hezroni. Eunike hakugeuka, alishika usukani kwa mikono miwili akitazama mbele.

"Hakuna gari bovu," Hezroni akasema. "Gari ni hili, na mwenyewe ni huyu anayeliendesha, mke wa mdogo wangu. Rudini nyuma apite."

Lori likaanza kurudi nyuma, taratibu, mpaka chini kabisa kwenye uwazi. Eunike akaingiza gia.