Gari la Kwenda kwa Mama

Mume wangu alikuwa mwalimu wa jiografia, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa matatizo. Mtu akifundisha ramani miaka nenda rudi bila kwenda popote, siku moja akili humruka. Zake zilimrukia Kibondo, alikokwenda kusimamia mitihani. Alirudi Kasulu ameshika usukani wa pikapu kuukuu inayovutwa kwa kamba na lori la chumvi, huku akipungia watu mkono.

Mgongoni mwa ile pikapu kulikuwa na nyumba. Sitanii. Kilikuwa kijumba cha bati na mbao, chenye mlango kwa nyuma, madirisha ubavuni na tundu la kupenyeza bomba la jiko. Mzungu mmoja aliyekuwa akizunguka nchi kuangalia ndege ndiye aliyekuja nayo. Injini ilipomfia Kibondo aliiacha uani kwa mwenye duka mmoja, mtu wa pwani, akapanda basi, akaenda zake. Mwenye duka akaifanya banda la kuku, akapigilia komeo kubwa nje ya mlango ili kuku wasitoke. Huyo ndiye aliyemwambia mume wangu, kwa ile sauti yake laini, "Mwalimu, hili hata usiliite gari. Hili ni jumba."

Mwalimu akalibadilisha na ng'ombe wetu wa maziwa. Ng'ombe akaenda Kibondo kwa miguu yake, gari likaja Kasulu kwa kamba. Kati ya hao wawili, tulimpoteza yule aliyekuwa anatembea mwenyewe.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Kasulu ilikuwa imejaa magari meupe ya mashirika yaliyokuja kuhudumia wakimbizi, na kila mwanamume mwenye shati la kola alikuwa na ndoto ya usukani. Mwalimu alikuwa ameokota mahali gazeti la Ulaya lenye picha ya mume na mke wanakunywa chai mlangoni mwa gari kama lile, kando ya ziwa. Alinionyesha ile picha mara nyingi. Mimi nilichokiona ni kwamba yule mwanamke hakuwa na mtoto mgongoni wala kuni za kutafuta.

Mwezi huohuo nilikuwa nimejifungua mtoto wetu wa kwanza, wa kike. Mama yangu alikuwa mjane, akiishi kijijini upande wa Manyovu, karibu na mpaka wa Burundi, na macho yake yalikuwa yanafifia. Mganga wa zahanati alimwambia waziwazi kwamba dawa hana. Mama akawatuma wachuuzi wa maharage waniletee maneno: "Mwambieni amlete mtoto nimwone, macho yangali yapo." Kutoka Kasulu mpaka kwa mama, lori la asubuhi lilikufikisha kabla ya chakula cha mchana. Nilifunga kanga zangu na nepi za mtoto siku ileile.

"Lori?" Mwalimu alishangaa. "Upande juu ya magunia na kichanga, mke wangu, wakati gari tunalo?"

"Gari lenyewe halina injini, Mwalimu."

"Injini linayo. Haiwaki tu."

Jioni wakaja kaka zake, wamevaa makoti, kunisihi. Walisema mji mzima umeshaliona gari, na mji mzima umeshaambiwa kwamba safari ya kwanza ni ya ukweni. Nikionekana juu ya lori, ndugu yao ataficha wapi uso? "Shemeji, vumilia wiki mbili," walisema. Nikafungua kanga zangu, nikawapikia.

Kwa injini alipatikana fundi kutoka kambini, Mkongo mwenye suruali ya pasi na mdomo usiochoka. Alilizunguka gari mara moja, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa, halafu akatabasamu. "Papa, moteri iko bien, iko muzuri," alisema. "Ni kulala tu ilikuwa inalala. Kitu hii gari inakosa ni karoseri ya heshima, na rido." Karoseri ni bodi, na rido ni mapazia. Gari haliwaki, breki hazishiki, na mafundi wawili, mmoja wa shule na mmoja wa kambini, wanajadili mapazia. Nilijua hapo kwamba wamepatana.

Wiki mbili zikawa mwezi, na mwezi ukawa masika. Kwanza kikaja kitanda cha mninga, kizito kiasi kwamba springi za nyuma zililala chini. Zikaletwa springi za lori. Baada ya hapo gari likainuka mno nyuma, ikabidi liwekewe ngazi. Kikafuata kibati cha kuwekea vikombe, kila kikombe na tundu lake, halafu sinki, yaani beseni langu la kuogeshea mtoto lililotobolewa chini, na maji yake yakimwagikia moja kwa moja kwenye tairi la akiba. Kikaja na chuma kirefu cha antena kama cha magari ya mashirika.

"Inashika nini?" niliuliza.

"Haijaunganishwa bado."

"Na nini?"

Redio haikuwepo. Gari zima likapakwa rangi nyeupe, mapazia yakashonwa kwa shuka zangu nyeupe za harusi. Kila jioni wanaume wa mtaani walipanda ngazi, wakavua viatu, wakakaa juu ya kitanda cha mninga wakinywa chai yangu na kusema ukiwa na gari kama hili unaweza kufika hata Misri. Halikuwa limefika hata sokoni.

Wachuuzi wa maharage walipita tena msimu uliofuata. "Mama yako anasema sasa anaona vivuli," waliniambia. "Anasema kivuli cha mtoto nacho kinamtosha." Nilimpa Mwalimu maneno hayo kama nilivyopewa, nikimwangalia usoni. Alihuzunika kweli, siwezi kumsingizia. Akasema hilo linaonyesha jinsi ilivyo muhimu kufika kwa heshima, akaenda kutafuta zulia la plastiki. Usiku ule nilimchukia, na asubuhi nikampikia uji kama kawaida, maana hasira ya mwanamke aliyeolewa nayo ina ratiba zake.

Mtoto aliota meno. Mtoto akatembea. Mtoto akaanza kusema, na neno lake la tatu lilikuwa "spana".

Hatimaye injini ikaamka. Ilikuwa na tatizo dogo tu, kwamba ikiwaka, taa za mbele nazo zinawaka, na hazizimiki mpaka uizime. Fundi alisema huo ni usalama. Lile komeo la nje lilibaki palepale, kwa kuwa ndicho kitu pekee katika gari lile kilichokuwa kinafanya kazi tangu mwanzo.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi, mtaa mzima umesimama. Kiti cha mbele kilijaa madumu ya maji ya rejeta, kwa hiyo mimi na mtoto tukapandishwa nyuma, juu ya kitanda, tustarehe kama wale wa gazetini. Mwalimu akafunga komeo kwa nje mlango usije ukafunguka njiani. Kati yake na mimi kulikuwa na kidirisha kidogo cha kuzungumzia.

Kilima cha pili rejeta ilichemka. Mwalimu alifanya kama dereva yeyote wa kwetu: akakata matawi mabichi, akayapanga barabarani mbele na nyuma ili magari mengine yajue kuna lililokwama. Gari lilipopoa akayaokota. Yeye si mtu wa kutupa kitu. Akayafunga vizuri mbele ya gari, juu ya bampa, ili tukikwama tena asihangaike kukata mengine. Mimi nilikuwa ndani, sikuyaona.

Anayetoka kwetu atakuwa ameshajua. Upande ule, gari lenye matawi mabichi mbele, linalokwenda taratibu na taa zimewaka mchana, limebeba maiti. Letu lilikuwa na hayo yote, tena jeupe, lina mapazia meupe, na dereva yuko peke yake mbele na uso wa mtu mwenye mawazo mazito, kwa sababu ya breki.

Kupitia pazia nikaona mtu wa baiskeli anashuka na kuvua kofia. Mbele kidogo, wanawake waliotoka shambani wakatua mizigo wakasimama kimya. Lori likaegeshwa pembeni, dereva wake akazima injini kutupisha.

"Unaona?" Mwalimu alipaza sauti kidirishani, sauti imejaa raha. "Unaona watu wanavyoliheshimu?" Akawapigia honi, akawapungia mkono.

Nilianza kuingiwa na wasiwasi. Nimezaliwa kule. Watu wa kwetu hawajawahi kuheshimu gari. Halafu nikaona mama mmoja ameweka mikono kichwani.

"Mwalimu, simama. Watu wanalia."

"Wanashangilia," alisema, na hakusimama, kwa sababu kusimama kwenye mteremko lilikuwa jambo asiloliweza. Kijana wa baiskeli aliyemtambua Mwalimu akatupita kwa kasi na kukata njia ya mkato kupitia migomba. Ndiye aliyefika nyumbani kwa mama kabla yetu, akasema mkwe anakuja peke yake mbele, na nyuma amembeba mkewe.

Tulipoingia uani vilio vilikuwa vimeshapamba moto. Nilimsikia Mwalimu anashuka, na wanaume wanamkamata mikono. "Jikaze, mkwe wetu, jikaze," walimwambia. Akasema sijafa. Wakamwambia ndiyo, sijafa, nimetangulia tu kwa Bwana, na wakamkalisha chini kwa nguvu.

Mimi nilikuwa nimefungiwa kwa komeo, nasikiliza msiba wangu. Shangazi yangu, aliyesema siku ya harusi yangu kwamba nina mdomo mchafu, alikuwa anagaragara akisema mtoto mpole kama mimi hatazaliwa tena. Niligundua kuwa nilikuwa mkarimu. Niligundua kuwa kwaya ya kanisa haijapata sauti nyingine tangu niolewe. Hakuna aliyewahi kuniambia nikiwa hai, na nakiri nilichelewa kidogo kugonga ili nimsikie na jirani.

Kisha nikagonga. Vilio vikakatika. Nikagonga tena kwa ngumi, nikapiga kelele nifunguliwe, na ua mzima ukakimbia, shangazi mbele kabisa akiwa amenyanyua kanga. Walivunja uzio wa matete. Mwalimu aliachiwa hatimaye, akaja kufungua.

Aliyebaki uani alikuwa mama peke yake, ameketi kwenye mkeka. Hakukimbia. Alikuwa amegeuza sikio upande wa gari, maana mtoto wangu alikuwa analia kwa hofu ya makelele.

"Huyo ni yeye?" aliuliza. "Mleteni hapa huyo anayelia."

Nilishuka ngazi nikaenda kumpigia magoti. Alinishika uso wote, mashavu, paji, masikio, akasema, "Umekonda, mwanangu." Macho yake yalikuwa wazi na yalitazama juu ya bega langu. Nilimpa mtoto mikononi. Alimpitishia vidole polepole, pua, kidevu, vidole vya miguu, akavihesabu kimoyomoyo kama mkunga. Aliniuliza mtoto amefanana na nani. Nikalia kwa sauti kuliko shangazi.

Mwalimu alisimama mbali, kama inavyompasa mkwe, akisubiri asemeshwe. Alisubiri sana, mpaka nikamwambia mama kwamba mkwe wake yupo. Mama akamwamkia kwa adabu, "Mwidiwe, mkwe," akasema amesikia habari za gari kwa wachuuzi muda mrefu, naye angependa kulijua. Uso wa Mwalimu uling'aa. Alimtangulia, mimi nikimwongoza mama, na mtoto nikampa shangazi, aliyekuwa anarudi kwa aibu.

Mama alilipapasa kwa makini, kitu kimoja baada ya kingine, na Mwalimu akawa anamweleza. Hiki kitanda, mama, ni mninga mtupu. Haya ni mapazia. Hapa vikombe, kila kimoja na nafasi yake. Hili ni sinki. Mama aliingiza mkono kwenye beseni, akapapasa tundu chini, akasema ni kazi nzuri. Hakuwa anadhihaki. Mama yangu hakujua dhihaka, mimi hii nimeirithi kwa shangazi.

"Imekuchukua muda gani, mkwe wangu?"

"Miaka miwili na ushee, mama," Mwalimu alisema, kwa fahari ya mtu aliyeulizwa swali alilokuwa akilisubiri.

Mkono wa mama ulikuwa ungali ndani ya beseni.

"Basi ulipoianza," alisema, "nilikuwa naona."

Kisha akageuka, akanyoosha mikono, akaomba arudishiwe mtoto.