Askari wa Lango na Paji la Uso

Juzi, kwenye lango la hospitali moja huku Seme, mama mmoja mzee aliyenitangulia kwenye foleni alisimama mbele ya askari, akasukuma kitambaa cha kichwa nyuma, akamwelekezea paji la uso.

“Bwana, nipime.”

“Mama, hiyo mashine ya joto ilienda na corona.”

“Wakati ya corona mtu alikuwa ananiangalia kwanza. Siku hizi naingia tu kama gunia ya samaki omena.”

Askari akaweka rungu chini, akamgusa paji kwa mgongo wa mkono, taratibu. “Uko sawa, Mama. Ingia.”

Ugonjwa ule siutamani. Uliwatajirisha wauza barakoa, sisi ukatuachia makaburi. Lakini kila lango lilikuwa na mtu wa kukutazama.

Zamu yangu ilipofika, nilivua kofia.