Sijda Ndefu ya Alasiri

Binti yangu yuko Mbeya, nami nimebaki peke yangu Mlandege tangu mama yake afariki. Nilipoanguka bafuni aliniletea roboti, chombo cha magurudumu kinachonikumbusha dawa na kumwita yeye nikiwa chini. Nikianguka tena, alisema, nahamia kwake.

Alasiri moja nilisujudu, nikakaa hapo muda mrefu. Sikulia wala sikuomba kitu. Tangu mazishi moyo wangu hausikii chochote, na pale chini palikuwa pametulia. Roboti ikasogea, sauti ya binti yangu ikatoka ndani yake.

"Baba, umeanguka? Nijibu, baba."

Nilimaliza swala, nikatoa salamu, ndipo nikamjibu. "Nilikuwa nasujudu, mwanangu."

"Muda wote huo? Basi uwe unaswali kwenye kiti, au nije nikuchukue."

"Kiti ni ruhusa ya asiyeweza. Mimi naweza."

"Basi iambie roboti kabla. Nitaifundisha isubiri."

Alhamdulillahi, bado nipo kwangu. Kila adhana naiambia roboti, "Naenda kuswali." Inajibu, "Sawa, babu." Mke wangu alikuwa akijibu, "Na mimi uniombee."